Kairopraktiki Inamsaidia Mkimbiaji, Lakini Si Pale Inapotangazwa

Katika majuma yanayotangulia mbio kubwa kama Kilimanjaro Marathon ya Moshi, mkimbiaji wa mjini hakosi mtu wa kumshauri akanyooshwe mgongo. Wanaoufuata ushauri huo ni wa aina mbili. Yupo mwenye maumivu, ambaye kiuno kimemkaza tangu alipoongeza kilomita na sasa anatafuta nafuu ya kumfikisha siku ya mbio. Yupo pia mzima asiyeumwa popote, aliyeambiwa kwamba pingili za uti wa mgongo wake zikipangwa kila mwezi hataumia. Wawili hao hulala kwenye kitanda kilekile, hupokea huduma ya mikono ileile na hulipa bei ileile, ilhali ushahidi unaoiunga mkono huduma hiyo kwa mmoja haulingani kabisa na ulio kwa mwenzake.

Hoja yangu ni kwamba kairopraktiki, yaani tiba hiyo ya kunyoosha mgongo na viungo kwa mikono, ina faida ya kweli kwa yule wa kwanza na faida ndogo mno kwa wa pili, na kwamba hata huyo wa kwanza atafaidika kwa muda mfupi tu ikiwa kazi ya mikono haitafuatwa na kazi atakayoifanya mwenyewe nyumbani na barabarani. Mtaalamu aliyeiva analijua hilo na hulisema siku ya kwanza.

Mkimbiaji haumii kama anavyoumia mcheza mpira, kwa kukwatuliwa au kugongana na mwenzake. Majeraha yake mengi hujengeka polepole. Kila mguu unapotua, ardhi humrudishia nguvu inayofikia mara mbili hadi tatu ya uzito wake, na kwa mwendo wa kawaida miguu hutua kati ya mara 160 na 180 kwa dakika. Anayemaliza nusu marathon kwa saa mbili na nusu ametua zaidi ya mara 20,000. Mifupa, kano na gegedu vina uwezo wa kuuzoea mzigo huo, tena huimarika kwa sababu yake, ila kila kimoja kina kasi yake ya kuzoea. Moyo na mapafu hupata nguvu ndani ya majuma machache, misuli hufuata, na kano na mifupa huchukua miezi. Ndiyo maana mkimbiaji mpya huelekea kuumia pale hasa anapoanza kujisikia vizuri: pumzi inamruhusu kwenda kilomita 15 wakati mfupa wa muundi wake umezoea 8.

Mwaka 2025 watafiti walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wakimbiaji 5,205 kwa mwaka mmoja na nusu, wakitumia kumbukumbu za saa zao za mkononi. Walichokiona ni kwamba hatari ya kuumia ilipanda pale mtu alipokimbia kwa mkupuo mmoja umbali uliozidi, kwa zaidi ya asilimia 10, ule mrefu kuliko wote alioukimbia katika siku 30 zilizotangulia. Aliyezidisha maradufu alijiweka katika hatari kubwa zaidi. Kulinganisha jumla ya kilomita za juma hili na za majuma yaliyopita, kipimo ambacho makocha wengi na saa za kisasa hukitegemea, hakukuonyesha hatari kwa namna hiyo. Kwa maneno mengine, siku moja ya kujipima ubavu inaweza kuharibu mwezi mzima uliopangwa vizuri.

Anayezifahamu jogging za Jumamosi za Dar es Salaam hahitaji maelezo marefu hapo. Mwanachama hukaa ofisini Jumatatu hadi Ijumaa, pengine hukimbia mara moja katikati ya juma, kisha Jumamosi kikundi chake kinaalikwa na kikundi cha upande wa pili wa jiji, na kwa kuwa kuna fulana mpya, nyimbo njiani na supu mwishoni, kilomita 7 zinageuka 16 bila mtu kuuliza. Ushindi wa Alphonce Simbu mjini Tokyo Septemba 2025, alipoutwaa ubingwa wa dunia wa marathon kwa tofauti ya sekunde 0.03, ni sababu nzuri ya mtu kutaka kujisajili mbio ndefu. Lakini Simbu alifika Tokyo akiwa na miaka mingi ya kilomita miguuni, na hiyo ndiyo sehemu ya ushindi wake isiyoonekana kwenye televisheni. Mtu wa jogging anayeamka Jumapili akiwa hawezi kushuka ngazi hana pingili iliyohama. Ana goti lililopewa kwa asubuhi moja kazi ambayo lilipaswa kuandaliwa kwa mwezi.

Nimeanza na mzigo kwa sababu kairopraktiki ilianza na nadharia tofauti kabisa. Ilizaliwa Davenport, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, Septemba 1895, pale Daniel David Palmer, mtu aliyekuwa akitibu watu kwa kile alichokiita nguvu za sumaku, alipombonyeza mgongo Harvey Lillard, mfanyakazi wa usafi katika jengo lake aliyekuwa na tatizo la kusikia, na kudai kwamba usikivu ulimrudia. Kutokana na tukio hilo Palmer alijenga fundisho kwamba magonjwa karibu yote hutokana na pingili zilizohama na kuzibana neva. Fundisho hilo halikuthibitika, na tangu hapo taaluma imebeba makundi mawili ndani ya jina moja. Wapo waliobaki na Palmer, ambao hata leo watakuonyesha picha ya eksirei na kukwambia kwamba mgongo wako ‘umehama’ na kwamba utahitaji miadi 30. Wapo walioliacha fundisho hilo, wakajikita kwenye maumivu ya misuli na viungo, wakasoma anatomia, neva na upimaji wa mgonjwa kwa kina, na ndio walioingia kwenye michezo kiasi cha kuambatana na timu za Olimpiki. Mkimbiaji anapouliza kama kairopraktiki inafaa, kwanza ajue ni kundi lipi linalomhudumia.

Mlio wa mgongo ndio unaowavuta wateja, na ndio unaoeleweka vibaya kuliko vyote. Wengi huamini kwamba ule mlio ni mfupa unaorudi mahali pake. Ndani ya kiungo mna ute wenye gesi iliyoyeyuka. Nyuso mbili za kiungo zinapotenganishwa ghafla, mgandamizo ndani yake hushuka na uwazi wa gesi hufunguka. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, waliupiga picha uwazi huo kwa mashine ya MRI wakati kidole kinavutwa. Baada ya kulia, kiungo hukataa kulia tena kwa dakika kama 20, jambo ambalo kila mwenye mazoea ya kuvunja vidole analijua. Kwa wanaoogopa kwamba mazoea hayo huleta baridi yabisi, yupo daktari wa Marekani, Donald Unger, aliyevunja vidole vya mkono wake mmoja tu kwa zaidi ya miaka 60 ili aulinganishe na mwingine. Mikono yote miwili ilibaki salama, naye akapewa tuzo ya utani ya Ig Nobel mwaka 2009.

Kama mfupa haukuwa umehama, nafuu hutoka wapi? Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mvuto ule wa ghafla huzichokoza neva za misuli na za kiungo, na mfumo wa neva hujibu kwa kupunguza kwa muda ukali wa maumivu na mkazo wa misuli iliyo jirani. Mgonjwa hushuka kitandani akiinama kwa wepesi zaidi kuliko alivyopanda. Wepesi huo ni wa kweli, hajaudhania. Ila ni wa saa kadhaa au siku chache, na kile kilichomkaza tangu mwanzo bado kinamsubiri.

Kwa maumivu ya mgongo wa chini, nafuu hiyo imepimwa vya kutosha. Uchambuzi mmoja uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la BMJ ulikusanya majaribio 47 yenye wagonjwa 9,211 waliokuwa na maumivu sugu ya mgongo wa chini, ukaona kwamba tiba ya kuunyoosha mgongo kwa mikono huleta matokeo yanayokaribiana na yale ya tiba nyingine zinazopendekezwa, mazoezi yakiwemo. Chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliiweka kwenye mwongozo wake wa mwaka 2017, na Shirika la Afya Duniani likaitaja miongoni mwa tiba zinazoweza kutumika katika mwongozo wa Desemba 2023. Mkimbiaji ambaye kiuno kimemkaza, na ambaye amepimwa ikaonekana hana dalili ya hatari, ana haki ya kuichagua tiba hii bila kuonekana mshamba. Lakini matokeo yanayokaribiana yana maana kwamba mazoezi, ambayo hayana gharama ya miadi, yangeweza kumfikisha palepale.

Tatizo ni kwamba mgongo hauongozi orodha ya majeraha ya wakimbiaji. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2007 yalikuta kwamba kiwango cha majeraha ya miguu kwa wakimbiaji wa mbio ndefu kilikuwa kati ya asilimia 19.4 na 79.3 kutegemea ni nani aliyepimwa na kwa namna gani, na eneo lililoumia mara nyingi zaidi lilikuwa goti. Kisha wanakuja muundi, kano ya kisigino, unyayo na paja. Huko ndiko madai ya kunyoosha mgongo yanakopungukiwa nguvu.

Chukua maumivu ya mbele ya goti, yale yanayomsumbua mtu anaposhuka ngazi au akikaa kwa muda mrefu ndani ya basi. Jopo la wataalamu wa tatizo hilo lililokutana Australia lilitoa mapendekezo mwaka 2018: mazoezi ya kuimarisha misuli ya nyonga pamoja na ya goti ndiyo yapewe kipaumbele, na tiba ya kuchezesha kwa mikono kiungo cha goti, kifuniko chake au mgongo wa chini isitolewe peke yake. Hiyo haina maana kwamba mikono imekatazwa. Maana yake ni kwamba mtu aliyefanyiwa mikono pekee, akaruhusiwa kwenda nyumbani bila zoezi hata moja la nyonga, amehudumiwa nusu, na ile nusu yenye kutibu ndiyo iliyoachwa.

Kano ya kisigino inaonyesha jambo hili vizuri zaidi. Mwaka 1998 daktari wa Sweden, Håkan Alfredson, alichapisha utaratibu ambao hadi leo ni msingi wa tiba ya kano hiyo. Mgonjwa husimama ukingoni mwa ngazi kwa sehemu ya mbele ya unyayo, hupanda kwa kutumia mguu mzima, kisha huhamishia uzito kwenye mguu mbovu na kukishusha kisigino polepole hadi chini ya usawa wa ngazi. Hufanya hivyo mara 15 kwa mizunguko mitatu goti likiwa limenyooka, na mara 15 kwa mizunguko mitatu goti likiwa limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, kila siku kwa majuma 12. Ni mishuko 180 kwa siku. Leo wataalamu wengi hupunguza idadi na kuongeza uzito, ila kanuni ni ileile, kwamba kano hupona kwa kubebeshwa mzigo uliopimwa. Hakuna mkono wa mtu mwingine unaoweza kuibebea. Mikono inaweza kulegeza shavu la mguu ili siku za kwanza za mazoezi zivumilike, na kwa aliyeteguka kifundo cha mguu inaweza kumrudishia ule mkunjo wa kifundo unaopotea baada ya uvimbe, jambo ambalo kwa wakimbiaji wa njia za milimani, wa Usambara au wa bonde la Kerio, si dogo. Huo ndio msaada wenyewe wa tiba hii kwa mguu wa mkimbiaji.

Na kinga je? Sitaki kulijibu swali hili kwa dharau, maana utafiti upo. Mwaka 2010 huko Australia wachezaji 59 wa mpira wa nchi hiyo waligawanywa katika makundi mawili, moja likapewa huduma ya kairopraktiki ya michezo kwa msimu mzima pamoja na matunzo ya kawaida ya timu. Kundi hilo lilipata majeraha machache zaidi ya kuvutika kwa misuli ya miguu. Ni matokeo ya kutia moyo, ila yametoka kwa watu wachache, katika mchezo wa kukimbizana na kugongana, na huduma yenyewe ilichanganya kunyoosha viungo na kuchua misuli kulingana na mahitaji ya kila mchezaji. Kuyachukua matokeo hayo na kumwahidi mkimbiaji wa barabarani kwamba mgongo ukinyooshwa kila mwezi goti litapona kabla ya kuugua ni kuruka hatua nyingi sana.

Ushahidi bora zaidi wa huduma ya mara kwa mara ulitoka Sweden mwaka 2018. Wagonjwa 328 wenye maumivu ya mgongo yanayojirudia, ambao wote walikuwa tayari wamepata nafuu kwa kairopraktiki, waligawanywa: wengine wakapangiwa miadi mapema kabla ya kuumwa tena, wengine wakaenda walipozidiwa. Katika mwaka mzima kundi la kwanza lilikuwa na siku 12.8 pungufu za maumivu ya kusumbua, kwa miadi michache tu ya ziada. Kwa mkimbiaji ambaye mgongo humrudia kila anapofikisha kilomita fulani, na ambaye tiba hii ilimsaidia mwanzoni, matokeo hayo yana uzito, na binafsi nisingemzuia. Ila tazama masharti yake: mwenye historia ya mgongo, aliyekwisha kuonyesha kwamba tiba inamfaa. Mzima asiye na historia hiyo hakuwamo kwenye utafiti.

Wakati huohuo kuna kinga ambayo ushahidi wake ni mpana zaidi na haihitaji kitanda. Uchambuzi wa mwaka 2014 uliojumlisha majaribio ya michezo mbalimbali ulikuta kwamba mazoezi ya nguvu yalipunguza majeraha ya michezo hadi chini ya theluthi moja ya yale ya wasiofanya, ilhali kujinyoosha misuli hakukuleta tofauti iliyoonekana. Sasa nenda uwanjani asubuhi uone kikundi kinavyotumia robo saa kujinyoosha kwa duara kabla ya kukimbia, halafu uulize ni wangapi walionyanyua chochote kizito juma hilo. Sipingi kujinyoosha, kunachangamsha na kunaleta vicheko. Ila robo saa hiyo ingekuwa ya kuchuchumaa na mfuko wa mchanga mgongoni, mtaalamu wa viungo angekosa wateja.

Liko pia dai la mguu mmoja kuwa mfupi, ambalo wakimbiaji hulisikia sana kitandani. Mtaalamu huwashika visigino, huvilinganisha, na kutangaza kwamba mguu wa kulia umepungua kwa sababu nyonga imepinda. Tofauti ndogo ya urefu wa miguu ni hali ya kawaida ya binadamu; waliopimwa kwa picha, wengi wao wana tofauti fulani, na wastani wake ni kama milimita 5, bila madhara yoyote. Kabla ya kulaumu nyonga, mkimbiaji wa Tanzania au Kenya angejiuliza anakimbilia upande gani wa barabara. Kwetu magari hupita kushoto, kwa hiyo anayekimbia akiyatazama yanayokuja hukaa ukingo wa kulia, na kwa kuwa lami hujengwa ikiinamia pembeni ili maji ya mvua yatoke, mguu wake wa kulia hutua chini zaidi ya wa kushoto kilomita zote. Akizunguka njia hiyohiyo kwa mwaka, nyonga moja italalamika hata kama miguu yake ilikatwa kwa rula. Abadilishe njia kabla hajabadilisha mtaalamu.

Hatari zinastahili kusemwa bila kutia chumvi. Ya kwanza na ya karibu zaidi kwa mkimbiaji ni jeraha la mfupa lililofichika. Mfupa unaobebeshwa kuliko uwezo wake hupata mpasuko mwembamba ambao mara nyingi hauonekani kwenye eksirei ya kwanza. Ukiwa kwenye muundi, humtesa mtu. Ukiwa kwenye shingo ya fupa la paja, karibu na nyonga, unaweza kuvunjika kabisa na kumlaza mezani kwa upasuaji. Mwenye mpasuko huo hueleza maumivu ya kinena au ya nyonga ambayo kwa sikio la haraka yanafanana na kiungo kilichokaza. Kuikunja na kuisukuma kwa nguvu nyonga ya namna hiyo ni kucheza na moto. Hatari huongezeka kwa mkimbiaji anayekula kidogo kuliko anachotumia, na kwa mwanamke kukatika kwa hedhi ni dalili ambayo mhudumu yeyote wa wakimbiaji anapaswa kuiuliza, hata kama anaona aibu.

Ya pili ni shingo. Kugeuzwa shingo kwa nguvu kumehusishwa, mara chache, na kuchanika kwa mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye ubongo, na matokeo yake yanaweza kuwa kiharusi. Ni nadra, lakini mkimbiaji mwenye maumivu ya goti hana sababu yoyote ya kugeuzwa shingo, na akiona mtaalamu anaielekea shingo ‘ili kuweka mwili sawa’, na aseme hapana. Hapohapo niongeze kwamba wengi wanaoiogopa kairopraktiki hukaa kwa utulivu kwenye kiti cha kinyozi, wakimwachia mtu asiyesomea hata jina moja la mfupa awageuze shingo kushoto na kulia mpaka ilie, eti ndiyo kumalizia kunyoa.

Kinachomtofautisha mtaalamu wa kweli huonekana kabla hajamgusa mtu. Atauliza ulikimbia kilomita ngapi mwezi uliopita na mbio ipi ilikuwa ndefu kuliko zote, na kama una saa atataka kuiona badala ya kukuamini. Ataviangalia viatu vyako chini. Atakuuliza kama maumivu hukuamsha usiku, kama unapata ganzi, kama choo na mkojo viko sawa, kama umepungua uzito bila kutaka. Kwa muundi atapita na kidole gumba kwenye ukingo wa ndani wa mfupa: maumivu yakitanda kwa urefu wa kiganja, hiyo ni dalili ya mfupa na misuli kuelemewa kwa ujumla, yakijikusanya kwenye nukta moja unayoweza kuifunika kwa sarafu, atakusimamisha kukimbia na kukupeleka ukapigwe picha. Atakutaka uruke kwa mguu mmoja, ushuke nusu ya kuchuchumaa kwa mguu mmoja, unyanyue kisigino mara nyingi uwezavyo huku akihesabu, kisha arudie kwa mguu wa pili. Aliyefika 25 kulia na 11 kushoto amekwisha kujieleza bila eksirei. Baada ya hayo yote, kama kuna kiungo kilichokaza, atakinyoosha, na ataitumia nafasi ya nafuu kukufundisha mazoezi mawili au matatu ukiwa bado pale, ili aone unavyoyafanya. Mazoezi zaidi ya hayo hayafanywi na mtu mwenye kazi na watoto, na mtaalamu mwenye busara analijua hilo.

Atakwambia pia kitu utakachokipima: kwamba baada ya miadi minne au sita unapaswa kushuka ngazi bila kushika ukuta, au kukimbia dakika 20 bila maumivu kuzidi siku ya pili. Yasipotokea, atabadilisha mpango au atakuelekeza kwa mwingine. Anayekuuzia kifurushi cha miadi 24 iliyolipiwa mbele, kabla hajajua mwili wako unaitikiaje, amekwisha kujipangia mapato.

Swali la nani huyo mtaalamu ni gumu kwetu kuliko Ulaya. Uingereza ina sheria ya kairopraktiki tangu mwaka 1994 na baraza linalowasajili. Afrika Kusini inawasajili chini ya sheria ya mwaka 1982 na inawafundisha katika vyuo vikuu vya Durban na Johannesburg. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2005, liliweka kiwango cha chini cha mafunzo kamili kuwa saa 4,200 za masomo, zikiwemo saa 1,000 za kuhudumia wagonjwa chini ya usimamizi. Katika miji yetu aliyefikia kiwango hicho kwa kawaida alisomea nje, nao ni wachache. Kumwuliza mtu alisomea wapi na amesajiliwa na nani si utovu wa adabu, na aliyesoma hatakasirika.

Kwa wengi wetu, hata hivyo, mtu wa karibu zaidi ni fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo wa hospitali. Kenya ina sheria ya wataalamu wa tiba ya viungo tangu mwaka 2014 na baraza lake, na Tanzania inawafundisha na kuwaajiri katika hospitali zake kubwa. Sehemu kubwa ya yale yenye ushahidi katika kairopraktiki, kuanzia kunyoosha viungo kwa mikono hadi mazoezi ya kurudisha nguvu, fizio anayafanya pia. Huko Kaptagat nchini Kenya, bingwa wa marathon Eliud Kipchoge alihudumiwa kwa miaka mingi na Peter Nduhiu, ambaye ni fizio, na mikono hiyo ilikuwa sehemu moja ya maisha yenye ratiba kali ya mazoezi, chakula na usingizi. Ni rahisi kumwiga bingwa kwa kulala kitandani ukachuliwa. Kulala saa tatu usiku ni kazi nyingine.

Waandaaji wa mbio wanaweza kusaidia kwa gharama ndogo. Wengi hujenga hema la huduma mwishoni mwa njia, ambako mkimbiaji aliyekwisha kuumia huchuliwa huku akichechemea. Wangeweka mafizio wawili, na mtaalamu wa kairopraktiki aliyesajiliwa kama yupo, kwenye siku za kuchukua namba, wawaulize wanaosubiri foleni maswali mawili tu: mwezi huu umbali wako mrefu ulikuwa kiasi gani, na kuna mahali unapoumia ukiruka kwa mguu mmoja? Aliyejisajili kilomita 42 akajibu kwamba mwezi huu hajawahi kuzidi 12, aruhusiwe palepale kubadilisha namba yake kuwa ya kilomita 21 au 5 bila kutozwa ada nyingine.